Je, wajua kwa nini omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, humezwa kabla ya kula, sio tumbo likishaanza kuwaka?

Wengi wanaitumia omeprazoli kama vile vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, yaani umekula maharage usiku, kiungulia kimepanda mpaka kooni, unameza moja unasubiri nafuu, nafuu ikichelewa unasema umeuziwa feki. Mara nyingi sio feki. Magnesiamu inaizima asidi iliyokwisha mwagika tumboni, hapohapo, ila omeprazoli asidi iliyopo haiigusi kabisa, tena asidi ndo inaiharibu, na ndo maana zile chembe za ndani ya kapsuli zina ganda la kuzivusha salama mpaka utumbo mdogo. Kwa hiyo usizitafune wala kuzisaga.

Kutoka utumbo inaingia kwenye damu, halafu damu inairudisha kwenye ukuta wa tumbo lilelile ililopita bila kusalimia. Huko kuna pampu za kutoa asidi, na dawa inazinasa zile tu zinazofanya kazi muda huo. Chukulia trafiki anayekamata bodaboda: zilizopaki nyumbani hana habari nazo, anataka zilizo barabarani. Chakula ndo kinazitoa barabarani, sasa ukimeza nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi trafiki keshafika kona yake, ila ukimeza usiku wa manane tumbo tupu anakuta bodaboda chache, na zamu yake fupi maana dawa inaisha kwenye damu ndani ya masaa machache tu. Iliyokamatwa hairudi, mwili lazima utengeneze nyingine, ndo maana dozi moja inafika siku nzima, na nguvu kamili inakuja baada ya siku 3 hadi 5 hivi.

Ukiitumia wiki nyingi ukaacha ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kishindo kwa muda, mtu anadhani ugonjwa umerudi anaanza upya, kumbe angeuliza namna ya kupunguza taratibu. Kuitumia miaka kunaweza kushusha vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Habari za mifupa kuvunjika zipo, ila ushahidi wake si mzito, watumiaji wenyewe mara nyingi ni wazee wenye maradhi mengine.

Na kama una vidonda vya tumbo vilivyoletwa na bakteria Helicobacter pylori, aliyegunduliwa Australia na Warren na Marshall wakapewa Nobel 2005, omeprazoli peke yake haimmalizi, lazima iende na antibiotiki. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito au chakula kukwama kooni sio vya famasia, hivyo ni vya hospitali.