Presha, Mishipa ya Damu na Akili ya Uzeeni

Dhana potofu: Mzee akianza kuchanganyikiwa, huo ni uzee tu.

Ukweli: Kusahau miwani ilipowekwa kisha kukumbuka baadaye ni jambo la kawaida, lakini mzee anayepotea katika njia aliyoipita miaka 40, au anayeshindwa kuhesabu chenji, anahitaji kupimwa. Ubongo ni takriban 2% tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu 20% ya oksijeni yote, na kwa kuwa hauna akiba ya maana, uhai wake hutegemea damu inayofika wakati wote. Presha isiyodhibitiwa kwa miaka mingi huifanya mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo kuwa minene na migumu, damu ikapungua, na nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine zikaharibika. Kwa sababu hiyo dalili ya kwanza mara nyingi si kusahau, bali kufikiri polepole, kushindwa kupanga mambo na kutembea kwa hatua fupi.

Dhana potofu: Asiyepooza hajawahi kupata kiharusi.

Ukweli: Vipo viharusi vidogo vya kimya, ambavyo huonekana kwenye vipimo vya picha za ubongo kama MRI, na athari zake hujilimbikiza.

Dhana potofu: Presha ikipanda kichwa kitauma, kwa hiyo anayejisikia vizuri anaweza kuacha dawa.

Ukweli: Dhana hii inanihuzunisha kuliko zote, kwa sababu presha kwa kawaida haina dalili yoyote, na madhara yake kwa akili ya uzeeni huanzia katika umri wa kati, mtu akiwa bado na nguvu zake. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia zaidi ya watu 9,000 wenye miaka 50 na kuendelea. Miongoni mwa waliolengwa kushushwa namba ya juu ya presha chini ya 120 badala ya 140, upungufu wa awali wa uwezo wa akili ulikuwa pungufu kwa takriban 19%. Kwa demensia yenyewe, yaani akili kupungua hadi mtu kushindwa shughuli zake za kila siku, tofauti haikuthibitika, na kiwango kinachomfaa kila mgonjwa hupangwa na daktari wake.

Dhana potofu: Demensia ni maradhi ya Wazungu.

Ukweli: Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanayo. Katika wilaya hiyohiyo, wazee wengi wa umri huo walikutwa na presha ya juu, na walioidhibiti walikuwa wachache.