Kabla ya Kulalamikia Picha, Tazama Nembo ya Kituo

Mvua za masika zikianza, malalamiko kuhusu picha za televisheni huongezeka, na mengi hufika na maneno mawili tu: "TV inasumbua." Kwa maelezo hayo fundi hana pa kuanzia. Sisi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, tunaomba kwanza uangalie nembo ya kituo pale kwenye kona ya kioo.

Wapo wanaotutaka tuamuru nembo ziondolewe kwa sababu zinaziba mpira. Nembo ni ya kituo. Humtambulisha mrushaji na kumbaini anayeiba matangazo yake. Ukubwa wake ni jambo la kuzungumza na kituo husika. Ajabu ni kwamba huyohuyo anayekerwa na nembo hutazama wachezaji waliovimba kama maandazi, kwa picha iliyovutwa vibaya, mwaka mzima bila kusema neno.

Kwa kawaida nembo hubandikwa mwishoni, matangazo yakikaribia kutoka kituoni. Kwa hiyo nembo ikiwa safi huku mwandishi aliyeko mkoani anakatakata, kasoro imetokea kabla ya hapo, pengine ni intaneti anayorushia. Usipande juu ya bati kugeuza antena. Nembo nayo ikimeguka vijumba-vijumba, shida iko njiani au kwako: mtambo wa kurushia, antena, waya, kiungio kilichoingia maji. Mawimbi ya madishi madogo, yale yenye masafa ya zaidi ya GHz 10, hudhoofishwa na mvua kubwa. Ikipungua, picha hurudi.

Nembo ya duara ikigeuka yai, shika rimoti ubadilishe umbo la picha: kioo chako kipana cha 16:9 kinaivuta picha ya umbo la zamani, 4:3. Ikibaki duara huku watu wamenenepa, hilo ni la kituo. Na ukihama chaneli kivuli cha nembo kikabaki palepale, kioo chenyewe kimeungua, hasa cha aina ya plasma au OLED. Hilo halihusu mamlaka yoyote.

Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini uvumilivu wa enzi za chenga bado tunao. Zamani picha ilichakaa taratibu. Ya dijitali huwa safi mpaka mawimbi yapungue kupita kiasi, kisha huganda na kutoweka. Picha inayoganda kila jioni isizoeleke.

Lalamiko huanza kwa mtoa huduma, si kwetu. Taja chaneli, eneo, saa na hali ya nembo, kisha dai nambari ya kumbukumbu. Usiporidhika, ndipo utuandikie TCRA ukiitaja nambari hiyo. Bila hiyo utarudishwa ulikotoka. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Mwenye leseni akithibitika kukiuka masharti yake anaweza kupewa onyo, kutozwa faini, au kusimamishiwa leseni, kutegemea uzito wa kosa.

Kifurushi kilichoisha si kasoro ya kiufundi. Ambatanisha picha ya simu inayoonyesha kioo chote pamoja na ile kona. Picha ya rimoti iliyovunjika haihitajiki.