Je, wajua kwa nini puti ya epoksi huganda upesi Kisumu kuliko Nakuru?

Chukua pakiti moja ya puti, uikate mara mbili, nusu ibaki Nakuru na nusu isafirishwe hadi Kisumu. Wenye nayo wote wawili waikande saa nane mchana. Wa Nakuru atakuwa bado anachora nywele za dereva mdogo wa modeli yake wakati mwenzake wa Kisumu anashindana na bonge lisilotaka tena kukunjika. Puti ni ileile na wote wamefuata maagizo. Kilichowatofautisha ni joto.

Kwa asiyeijua, puti ya epoksi ni kitu cha kufinyanga kinachouzwa kikiwa sehemu mbili. Fundi wa bomba huitumia kuziba tangi linalovuja. Wanaounda modeli ndogo, iwe ni matatu ya kukaa kiganjani au wale askari wa milimita 28 wanaopendwa sana Uingereza, huitumia pale kadibodi na waya zinaposhindwa: bampa, pua, mikunjo ya koti. Majina yanayotajwa zaidi ni Milliput, inayotengenezwa Wales, na Green Stuff, ile ya utepe wa manjano na buluu ambao ukiukanda hugeuka kijani.

Wengi husema puti imekauka. Haikauki. Udongo wa mfinyanzi ndio unaokauka, kwa kuwa maji yake yanatoka. Ufunike kwa kitambaa kibichi jioni, asubuhi utaukuta laini. Puti iliyokwisha kandwa hata uizamishe kwenye ndoo, asubuhi itakuwa ngumu vilevile. Upande mmoja una resini ya epoksi, upande wa pili una hadina, yaani kile kinachoigandisha, na katika puti nyingi hadina hiyo ni kemikali za jamii ya amini. Zikikutana, molekuli zake hufungana moja baada ya nyingine mpaka bonge zima linakuwa wavu mmoja usiofumuka. Hakuna kinachohitaji kuvukizwa, na ndiyo sababu zipo puti za kuziba bomba lililo chini ya maji. Yale maji unayopaka kidoleni wakati wa kulainisha uso wa modeli kazi yake ni kuzuia puti isinate, basi.

Na kufungana huko huenda na joto. Kwa makadirio ya wanakemia, joto likipanda nyuzi 10, kasi huongezeka kama mara mbili. Chumba cha Kisumu, mji ulio mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hufika nyuzi 30 mchana bila shida. Nakuru iko juu zaidi, kiasi cha mita 1,850, na chumba cha nyuzi 20 huko ni jambo la kawaida. Kwa hiyo puti inayokupa saa moja na nusu ya kufanya kazi Nakuru, Kisumu hukupa kama dakika 45. Muda ulioandikwa kwenye pakiti umepimwa kwa joto la chumba la mtengenezaji, si la nyumba yako ya mabati.

Hapo ndipo friza inapoingia. Kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kushuka karibu nyuzi 50, maana yake kasi imekatwa nusu mara tano hivi, na puti yenyewe imekakamaa kwa baridi hata molekuli hazina pa kusogea. Ndiyo maana hata puti uliyokwisha kuikanda, ukaitumia nusu, ukiitupa kwenye friza jioni utaikuta bado inakandika siku inayofuata. Stima ikipotea usiku kucha, kwa puti ambayo hujaikanda usihangaike. Haiozi, umepoteza muda wake kidogo tu.

Baridi lakini ina mwenziwe, unyevu. Pakiti ikitoka kwenye friza na kukutana na hewa ya kando ya ziwa, mara moja hutoka jasho. Ukiifungua hapo hapo, maji yanatua juu ya hadina, na amini hupenda kunyonya maji na hewa ya kaboni. Matokeo yake ni gamba jeupe la kunata au ngozi ngumu juu ya upande mmoja. Iache imefungwa mpaka ifikie joto la chumba, ndipo uifungue. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Agosti 2017 watu huuliza waifungie kwenye nini. Chupa ya jemu yenye kifuniko cha kubana inatosha, na kwa maoni yangu ni bora, kwa sababu mtoto hawezi kuona kipande cha buluu akadhani ni chingamu. Andika juu yake kwa herufi kubwa, hasa kama friza ni ya nyumbani. Puti mbichi si ya kugusana na chakula, na resini ya epoksi hufanya ngozi za baadhi ya watu ziwashe na kuvimba, mara nyingine baada ya kuitumia muda mrefu bila tatizo. Glavu si maringo.

Ile ya utepe ina ugonjwa wake. Manjano na buluu zimelazwa bega kwa bega, na pale zinapogusana kazi imeanza tangu kiwandani. Chunguza utepe uliokaa dukani: katikati utaona mstari mwembamba wa kijani. Kata uutoe, milimita mbili tatu, uutupe. Ukiukanda pamoja na mengine utapata punje ngumu zisizoyeyuka, na punje moja kwenye shavu la sanamu ya milimita 28 ni chunusi ambayo rangi haiifichi. Ukinunua utepe, tenganisha pande hizo siku hiyohiyo.

Kuna kosa la kuzidisha hadina ili puti igande upesi, nalo hutoka kwa mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Wao hutumia fila ya poliesta, na hadina yake ni kidogo tu, ya kuwasha mchakato. Wakizidisha, fila hushika upesi. Puti ya epoksi haiko hivyo. Hadina yenyewe ni sehemu ya wavu, kwa hiyo inayozidi hubaki bila mwenzi. Kwa Green Stuff, manjano ikizidi kidogo unapata puti laini inayonata na kupindika hata ikishaganda, nzuri kwa vazi. Buluu ikizidi inakuwa ngumu zaidi, ya kufaa upanga. Kasi itafute kwenye joto.

Lakini usikimbilie taa mapema. Puti mbichi ikipashwa hulainika kwanza, na mikunjo uliyoichora kwa sindano inajaa na kupotea. Subiri iache kunata, kisha uiweke karibu na balbu au dirishani penye jua, si mahali pa kuyeyusha plastiki ya modeli. Weka kando kijibonge kilichobaki, ukiguse hicho kwa ukucha badala ya kujaribu modeli yenyewe. Kumbuka tu kwamba bonge nene hujipasha joto lenyewe na huwahi kidogo, kwa hiyo ndevu nyembamba zipe muda zaidi.

Upande wa resini ukiukuta una chembechembe kama sukari baada ya baridi ndefu, usiutupe. Imeganda fuwele tu. Utumbukize ukiwa umefungwa vizuri ndani ya maji ya moto usioumiza mkono, zitayeyuka. Upande wa hadina ukishakuwa mgumu, huo hauna dawa.