Baridi haiui vijidudu vyote

Huku Arusha wengi tumekua tukiamini kwamba kugandisha kunaua vijidudu. Sasa hata wanaoagiza mashine za nyumbani za kukausha chakula kwa baridi wanaamini nyama mbichi ikitoka humo ni salama. Si kweli. Mashine hugandisha nyama, pampu hunyonya hewa, kisha barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Vijidudu vingi hulala tu. Maabara hutumia njia hiyohiyo kuhifadhi bakteria wakiwa hai! Kuku wa soko la Kilombero akiwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, itaamka ukimrowesha. Tafadhali, andika “mbichi” kwenye mfuko wa nyama iliyokaushwa, rowesha kwa maji baridi ndani ya friji, kisha pika mpaka katikati ya mnofu ifike nyuzi joto 74.