Nafasi tupu kwenye mkono wa papeti ni kitu gani?

Wadau wengi tukianza kutengeneza papeti (wengine mnasema kikaragosi, ni yuleyule) nguvu zote zinaishia kwenye kichwa na mdomo, macho yanakaa vizuri, nywele za uzi zinapendeza, afu mikono inashonwa usiku wa mwisho, inashindiliwa sponji mpaka inakuwa ngumu kama mchi. Wa kwanza nilimfanya hivyohivyo. Nikampeleka kwa watoto wa sande skuli huku Nkuhungu, Dodoma, katoto kamoja kakamshika mkono kakaushusha chini, kakauachia, mkono ukarudi juu. Kakaniuliza, "Anti, mbona hakumbatii?" Nililibeba lile swali mpaka nyumbani.

Sasa nafasi tupu ni ile sehemu ya mkono unayoiacha makusudi bila sponji, bila pamba, kitambaa chenyewe tu. Mkono wa papeti hauna mfupa wala kano, unakunjika pale ulipoacha, haukunjiki pale ulipojaza, basi, kiwiko ndo hicho. Huhitaji bawaba wala springi.

Tuseme papeti wako ana urefu wa sentimita 45 hivi, mkono wa sentimita 25 unamtosha. Unakata vipande viwili vya kitambaa chenye kuvutika, mie napenda zile sweta nzito za manyoya laini za mitumba maana mshono unajificha ndani ya manyoya, unaacha akiba ya mshono kama nusu sentimita, unashona, unageuza. Sponji usinunue godoro zima jamani, mafundi makochi wana masalia kibao. Kata kipande cha kuanzia kiganjani hadi chini ya kiwiko, kichonge kwa mkasi kiwe cha duara kidogo, ingiza, afu piga mshono mmoja wa kukata mkono kwa upana. Acha sentimita mbili tupu. Piga mshono mwingine, ingiza kipande cha juu, na karibu na bega acha tena sentimita mbili au tatu tupu kabla ya kuushonea mwilini.

Hapo begani ndo pana siri kubwa na watu wanapapita haraka. Kiwiko kina mshono mpana, kwahiyo kinafanya kazi kama mlango, kinaenda mbele na nyuma tu, na kiwiko ndo tunakitaka hivyo. Ila bega ukilishona kwa upana vilevile mkono hautazunguka. Kusanya kile kitambaa kitupu, kifinye kama unavyofunga mdomo wa mfuko wa karanga, ukishonee mwilini sehemu moja ndogo. Mkono utaenda juu, mbele, pembeni, popote. Kipimo changu ni kimoja, kabla sijakaza uzi wa mwisho nauchukua mkono naupeleka mdomoni kwa papeti mwenyewe, usipofika au ukisukumana nafumua, hata kama ni saa sita usiku.

Vidole vinne vinatosha kabisa ukihesabu na gumba, vitano kwenye kiganja kidogo vinakuwa vyembamba hata sponji haipiti.

Huo mkono wenye nafasi tupu unaendeshwa kwa fimbo. Mie natumia spoku ya baiskeli, nakunja ncha iwe kitanzi, naishonea kiganjani kwa ndani karibu na kifundo, upande wa chini naingiza kwenye kijiti cha kushikia, afu naipaka rangi nyeusi isiyong'aa isije ikapiga mwanga machoni kwa watoto. Na kwa upepo wetu wa mwezi wa saba ukicheza nje bila fimbo mikono inapepea yenyewe, papeti anaongea mambo ya huzuni huku anapunga.

Aina nyingine ni mkono hai, yaani glavu na mkono mrefu wa shati, mchezaji anaingiza mkono wake mwenyewe, hapo nafasi tupu haina kazi maana kiwiko ni chako. Waangalie Bert na Ernie, papeti wa Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani, wapo kwenye tivii tangu 1969: Bert ana fimbo, Ernie ana mikono hai, kwahiyo Ernie anachezwa na watu wawili, mmoja anachezesha kichwa pamoja na mkono wa kushoto wa Ernie, mwenzie anatoa wa kulia. Mkono hai unashika kikombe, unafungua kitabu, ila unahitaji mwenzako wa kubanana naye nyuma ya pazia, na mie mara nyingi niko peke yangu.

Kitu cha mwisho, vumbi letu mnalijua. Begani siku hizi naweka velkro badala ya kushona moja kwa moja, narudi nyumbani nabandua mikono naifua yenyewe, naiminya kwa taulo bila kuisokota ili sponji isiondoke mahali pake ikajaa kwenye kiwiko, naianika kivulini.