Weusi wa Marekani na shule: yanayosemwa na yaliyopo

Kaa kijiweni Dar, au ingia kwenye kundi la WhatsApp la ndugu walioko Marekani, haichukui muda utasikia hukumu: weusi waliozaliwa kule hawataki shule. Wanaoitoa ni weusi wenzao, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Naanza na hiyo, na ndiyo nitakayoikalia zaidi, maana imezaa nyingine.

"Weusi wa Marekani hawapendi shule"

Mtu asiyekipenda kitu hatungiwi sheria ya kumzuia asikiguse. Mwaka 1740 South Carolina ilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kuandika. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner mwaka 1831 (naye Turner alikuwa anajua kusoma), majimbo mengine ya kusini yakakaza kamba. Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mpinga utumwa mashuhuri, alianzishiwa herufi na bibi aliyekuwa akimtumikia huko Baltimore, mume wa bibi akaja juu, somo likakatishwa. Kijana akawa anatoka na vipande vya mkate, anawapa watoto maskini wa kizungu mtaani, nao wanamlipa kwa kumfundisha.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, watu wazima waliingia darasani pamoja na watoto. Kisha zikaja shule za Rosenwald. Booker T. Washington, mwalimu mweusi mashuhuri, alimshawishi tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, asaidie kujenga shule za watoto weusi vijijini kusini. Sharti lilikuwa wenyeji nao wachange. Kati ya 1912 na 1932 yalijengwa majengo zaidi ya 5,300, yakiwemo madarasa, nyumba za walimu na karakana. Weusi wenyewe, wengi wao wakulima wasio na shamba lao, walitoa dola milioni 4.7 hivi. Rosenwald alitoa kama milioni 4.3. Mkenya hapo angesema ni harambee, na angekuwa sahihi, ila hawa walikuwa wameshalipa kodi ya shule kama raia wengine na serikali za majimbo zikapeleka sehemu kubwa ya fedha hizo kwa wazungu.

Basi mbona watoto wa wahamiaji kutoka Afrika wanaonekana kufanya vizuri zaidi? Swali hili huulizwa kama karata ya mwisho. Angalia mlango tuliopitia sisi wahamiaji. Aliyeomba ile bahati nasibu ya viza ya Marekani ilibidi awe amemaliza sekondari, au awe na uzoefu wa kazi yenye ujuzi. Wengine wamekwenda kwa masomo ya chuo kikuu. Yaani tunachukua watu waliokwisha kuchujwa, tunawalinganisha na taifa zima la watu lenye maprofesa na wavuta toroli. Hata timu ya mtaa ikichaguliwa hivyo itashinda.

"Vijana weusi wengi wako jela kuliko chuoni"

Hii ilitoka kwenye ripoti ya mwaka 2002, na wanasiasa wakaikariri, hata wale wenye nia njema. Ivory Toldson wa Chuo Kikuu cha Howard alipozirudia hesabu aligundua kwamba vyuo vingi havikuwa vimehesabiwa kabisa. Alipata wanaume weusi milioni 1.4 hivi vyuoni, na takriban 840,000 gerezani. Hao 840,000 bado ni balaa, sipunguzi. Lakini mvulana wa miaka 15 akiambiwa kila siku kwamba jela ndiko waliko wenzake, huo si ushauri nasaha.

"Mahakama ilipochanganya shule mwaka 1954, tatizo likaisha"

Uamuzi huo wa Mahakama ya Juu ya Marekani, wa kukataza shule za umma kutenganishwa kwa rangi, ulikuwa wa haki. Utekelezaji ndio uliokuwa na sumu: mara nyingi watoto weusi walihamishiwa shule za wazungu, shule zao zikafungwa, na walimu wao hawakuhamishwa nao. Katika majimbo 17, hadi kufika 1965, walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi. Leo walimu weusi ni kama asilimia 6 ya walimu wa shule za umma, na wanaume weusi hawafiki asilimia 2. Mtoto anaweza kumaliza shule nzima bila kumwona hata mmoja ubaoni.

"Wanachohitaji ni nyota wa kuwaiga"

Nyota wapo tele. Kila mtoto anamjua mcheza kikapu fulani, na mabango yake yako kila kona. Waliopungua ni wale wa kuonekana darasani Jumatatu asubuhi.

Huko Tennessee, katika miaka ya 1980, wanafunzi wa madarasa ya chini walipangiwa walimu kwa bahati nasibu katika jaribio lililohusu ukubwa wa madarasa. Watafiti wakawafuatilia baadaye. Mtoto mweusi aliyepata walau mwalimu mmoja mweusi kabla ya kumaliza darasa la tatu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 13, wa kujiunga na chuo kuliko mwenzake ambaye hakumpata. Mwaka mmoja tu na mwalimu mmoja.

Atakuja mtu aniambie habari za Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1992, ambaye utotoni alivutiwa na Luteni Uhura wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga (jina lililotokana na neno letu, uhuru). Ni kweli. Na mama yake Jemison alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Chicago.

"Akishasoma, rangi haitahesabiwa"

Watafiti wawili walituma maombi ya uongo ya kazi Boston na Chicago, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wasifu ulikuwa wa kiwango kilekile, majina tofauti. Wenye majina yanayosikika ya kizungu walipigiwa simu mara moja kwa kila maombi 10, wenye majina ya kiweusi kwa kila 15. Tena wasifu ulipoboreshwa, faida ilikwenda zaidi kwa majina ya kizungu.

Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi, alilijua hilo mapema. Mji wao wa West Virginia haukuwa na shule ya weusi baada ya darasa la nane, hivyo wazazi wake wakawa wanahamishia watoto mji mwingine, zaidi ya kilomita 150, kila mwaka wa masomo. Chuoni alimkuta William Claytor, mmoja wa weusi wa kwanza kabisa Marekani kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Claytor alimwona, akamwambia atafaa kuwa mtafiti, akamtungia somo ambalo mwanafunzi wake alikuwa yeye peke yake. Binti akamuuliza kazi ya namna hiyo ataipata wapi. Claytor akamjibu kwamba hilo litakuwa tatizo lake.

Alihitimu mwaka 1937, akiwa na miaka 18. Langley, kituo cha utafiti wa anga alikokuja kukokotoa njia za vyombo vya angani, walimwajiri mwaka 1953. Katikati hapo alilea mabinti watatu, na kwa miaka kadhaa akafundisha watoto weusi shuleni.