Karani mkimya si mvivu: hulka na kazi ya umma

Dhana: Mtumishi mchangamfu ndiye anayeipenda kazi. Aliyenyamaza dirishani anasubiri mshahara tu.

Ukweli: Hapa tunawakosea wengi. Wanasaikolojia hupima hulka kwa pande tano: umakini wa kuwajibika, uchangamfu, upole kwa wengine, moyo wa kupokea mapya, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakaona umakini unaambatana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza. Uchangamfu ulisaidia hasa mameneja na wauzaji. Sasa mfikirie karani wa masijala. Haongei sana, lakini faili lako la kupandishwa daraja halipotei mikononi mwake. Kwangu huyo ni hodari kuliko anayekupokea kwa vicheko kisha akakwambia "njoo kesho" mara tatu.

Dhana: Anayenung'unika kazini ndivyo alivyoumbwa.

Ukweli: Hulka ina sehemu yake. Uchambuzi wa Timothy Judge na wenzake, wa mwaka 2002, ulionyesha kwamba wenye wasiwasi mwingi huelekea kutoridhika na kazi, na wenye umakini na uchangamfu huelekea kuridhika. Ila uhusiano huo ni wa kiasi, hautoshi kumhukumu mtu mmoja. Mwalimu mwenye wanafunzi mia darasani, au muuguzi anayekesha peke yake zahanati, akilalamika, msikilize kwanza. Kumwambia ni hulka yake ni kumkwepa.

Dhana: Tabia ni ngozi, haibadiliki.

Ukweli: Sehemu hurithiwa, kweli. Lakini watu wengi huongeza umakini na utulivu wanapokua, hasa kati ya miaka 20 na 40, umri uleule wa kuajiriwa na kujijenga kazini. Ndiyo maana neno "mzembe" likiandikwa kwenye faili la mtendaji wa kijiji mwaka wake wa kwanza linaweza kumfuata hata akishakuwa mtu mwingine kabisa. Tanzania, zamani mkuu aliandika taarifa ya siri, na mtumishi hakujua kilichoandikwa. OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2004, ulitaka wawili hao wakae pamoja, wakubaliane malengo, kisha wapime kazi iliyofanyika.